Miungu Uliyoichoma, Kaka

Kaka Paskali,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, basi. Usidhani hasira zimeisha.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Eti mwanao huko Arusha anacheza gemu lenye miungu kwenye simu, amekuuliza wazee wetu walikuwa na miungu gani, nawe unaniomba nikuandikie "zile stori za Bibi". Hivi kaka, huna hata aibu?

Unakumbuka mwaka ule mkoa wetu ulipotengwa na Arusha? Mwalimu wa kujitolea alikuachia kitabu cha mchezo cha Kizungu, kila mungu na picha yake na alama zake za nguvu. Majina yalitushinda kutamka, ukasema, "Tuweke wa kwetu." Tukakaa jikoni kwa Bibi, huku Endagikot, kaunta buku katikati, na punje sita za mahindi tulizounguza upande mmoja ndizo zikawa dadu. Mimi nilikuwa shujaa. Wewe ulikuwa miungu yote, na ulikuwa unajipendelea vibaya sana.

Ukaandika Looaa, jua, mama yetu: nguvu mia. Bibi akaacha kuchambua maharage. "Mia? Nani alimpima?" Tulicheka mpaka machozi. Yeye maskini hakujua kuwa ni mchezo. Kusoma hakujua, alidhani tumeamua kuyaandika ya kwake yasipotee. Basi kila tukitoka shule tunamkuta anatungoja. Leo atuambie Netlangw, wale roho wa kwenye chemchemi, wanachukia nini na wanaombwaje maji. Kesho atupe maneno ya kumshukuru Looaa mvua ikinyesha. Niliandika yote. Kurasa zikajaa, hata mchezo tukausahau.

Halafu ukaokoka. Sina neno na wokovu wako, mimi mwenyewe nasali. Lakini ulipanda jukwaani kwenye mkutano wa injili, ukaliinua lile daftari, ukasema ni la mashetani na aliyeliandika ni mdogo wako, ukalitia moto. Nilipigishwa magoti mbele za watu na sare yangu ya shule. Bibi alikuwa amesimama nyuma kabisa. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: "Ameyachoma yangu?" Tangu siku hiyo hakusimulia tena, mpaka tukamzika.

Na mimi mjinga, kwa kuwa yalikuwa kwenye daftari sikuyaweka kichwani. Nimejaribu, kaka. Yale ya mvua nakumbuka mwanzo tu, maneno mawili, basi. Mvua ikinikuta shambani huwa nayasema, nikifika pale yanapokatika nalia kwa hasira. Nakulaumu wewe, tena sana.

Mwambie mwanao ukweli. Walikuwepo, waliandikwa, na baba yake akawachoma. Akiyataka hayo maneno mawili, mlete Endagikot nimpe kwa mdomo wangu. Atakaribishwa jikoni, atakunywa chai. Wewe utamsubiri barabarani.

Mimi,
mdogo wako uliyemtaja jukwaani