Ng'ombe Zangu, Ng'ombe Yangu

Jumamosi, 10 Juni 1995
Nimefagia chumba mara ya pili. Nyuzi za pamba haziishi. Aliyepanga kabla yangu alihifadhi magunia humu. Kitanda, meza, sanduku la vitabu, jiko la mafuta ya taa. Vinatosha. Nyumba ya serikali kule Zagayu nimekwisha kuirudisha. Miaka thelathini na moja ya ualimu imekwisha kwa sahihi moja.

Nyumba hii iko juu ya kilima cha mawe, pembeni mwa mji wa Bariadi. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamepandana bila udongo kati yake. Nimeyatazama asubuhi nzima. Sijui yameshikwa na nini.

Jumatatu, 12 Juni
Mwenye nyumba, Mama Kabula, ni mjane. Pia ni mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma. Sikuambiwa. Alasiri wamefika waimbaji wapatao ishirini, wakaimba uani hadi jua kutua. Sikuandika hata sentensi moja ya kitabu changu cha sarufi. Nimekasirika.

Kisha sauti yake imepanda peke yake. Nimejikuta nimesimama mlangoni, kalamu mkononi. Sikumbuki kuinuka.

Jumatano, 14 Juni
Leo nimejua kwa nini nimepewa chumba. Bwana Salehe, mwenye duka la khanga, alikitaka kiwe stoo. Tangu ununuzi wa pamba uachiwe watu binafsi, kila mwenye mizani anatafuta stoo. Mama Kabula alimkatalia. Siku ya Saba Saba atashindana na kikundi cha Migato, na kwa mara ya kwanza ametunga wimbo kwa Kiswahili, maana mjini sasa kuna watu wa kila kabila. Alitaka mpangaji wa kuunyoosha.

"Watu wa maduka wasitucheke, Mwalimu."

Masunga, kaka yake, ndiye mpiga ngoma. Amesema mbele yangu kwamba wimbo ukishindwa, chumba ni cha Salehe. Mama Kabula hakumpinga.

Alhamisi, 15 Juni
Nimeusahihisha. Mtu anaswaga kundi lake toka kisima hadi kisima wakati wa ukame. Kila ubeti una kiitikio cha maneno mawili: "Ng'ombe zangu." Ubeti wa mwisho: "Ng'ombe yangu."

Makosa. Ng'ombe ni kiumbe hai na hufuata upatanisho wa viumbe hai. Ng'ombe wangu, awe mmoja, wawe mia. Nimeandika "wangu" mahali pote sita, kwa wino mwekundu. Amepokea karatasi kwa mikono miwili. Nimeridhika.

Jumapili, 25 Juni
Wimbo umekufa. Wanaimba kwa usahihi kamili na hakuna anayetikisika. Wanawake waliozoea kutua ndoo zao wasikilize, sasa wanapita.

Masunga amenigeukia. "Mwalimu, hata ukame ungetuachia ng'ombe moja. Kalamu yako imemaliza mpaka hiyo moja!"

Wote wamecheka, isipokuwa Mama Kabula. Nimemsahihisha Masunga kimoyomoyo: ng'ombe mmoja. Haikunisaidia.

Jumatano, 28 Juni
Bwana Salehe amekuja na kamba ya kupimia. Amepima kuta nikiwa nimeketi kitandani. "Shikamoo, Mwalimu. Usisumbuke kuinuka, napima tu." Amepima hadi urefu wa mlango.

Naogopa. Sina pengine pa kwenda.

Jumapili, 2 Julai
Asubuhi Mama Kabula alikuwa akichagua choroko uani, akijiimbia kwa maneno yake ya kwanza. Zangu. Zangu. Zangu. Zangu. Zangu. Kisha, polepole: yangu.

Nimeketi chini.

Hakuna kifo katika wimbo ule. Hakuna kitenzi cha kufa, kupotea wala kuuzwa. Kundi zima limeangamia kati ya silabi mbili. "Wangu" haiwezi kazi hiyo: ni mmoja, ni mia. Kitenzi kingewatofautisha, amelala, wamelala. Lakini kiitikio hakina kitenzi. Maisha yangu yote nimefundisha ngeli. Sikujua kwamba ngeli inaweza kumliza mtu.

Nimeiomba karatasi, nikaukata wino wangu wote. Nimemwambia, "Nimekosa." Sijapata kumwambia hivyo mtu niliyemsahihisha.

"Na wakitucheka?"

"Wacha wacheke."

Jumatano, 5 Julai
Balaa. Nusu wanaitikia "zangu", nusu "wangu". Ulimi mmoja tu ukiteleza pale mwisho, hakuna wimbo. Masunga amepita mlangoni: "Sanduku la vitabu usilifungue, ngosha." "Ngosha" ni mwanamume kwa Kisukuma. Sijalifungua.

Ijumaa, 7 Julai
Vikundi viwili huanza pamoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wa Migato wamemleta mcheza chatu. Watu wote wamemkimbilia.

Mama Kabula ameanza na wasikilizaji wachache. Kwenye kiitikio cha kwanza karani mmoja amepaza sauti: "Ni *wangu*, mama!" Kicheko. Nilimfundisha mimi Zagayu, darasa la sita. Nimeinamisha kichwa.

Hakusita. Ubeti wa tatu, kicheko kimekwisha. Wa nne, watu wameanza kuvuka uwanja, wazee wenye fimbo za kuchungia kwanza. Wa tano, nilikuwa nimebanwa katikati ya umati. Ubeti wa sita Masunga ameinua mikono kutoka kwenye ngoma. Waimbaji wameitikia kwa sauti moja, ndogo. *Yangu*. Hakuna ulimi ulioteleza.

Mzee aliye mbele yangu amevua kofia. "Imebaki moja," amesema. Upande wa pili chatu alikuwa na mwenyewe na watu wachache.

Sina neno la kueleza nilichokiona. Mimi, mwenye makamusi matatu.

Jumapili, 9 Julai
Bwana Salehe amepata stoo karibu na stendi. Mama Kabula ameniletea uji wa mtama, akaketi kupepeta choroko. Nimemuuliza ng'ombe wale walikuwa wa wapi, na ukame ulikuwa wa mwaka gani.

"Sijawahi kuwa na ng'ombe, Mwalimu. Nilipoolewa zilikuja nyingi, zikaenda kwa baba. Mimi nilizitazama zikipita."

Ameendelea kupepeta. Nimekaa pale mpaka uji ukapoa.