Nimezimia mbele ya mwandishi wetu

Shoga, nimezimia. Mimi, niliyekuwa nakucheka unaporuka kurasa za kutisha.

Yule mwandishi wetu, ambaye vitabu vyake tunavificha chini ya godoro, leo alikuwa anawasomea watu kwenye duka la vitabu. Nilikwenda kumpa mswada wa riwaya yangu. Akasoma hadi pale mtu anapojing'oa kucha huku anaimba. Nikaenda chini, shoga. Miguuni pake.

Kufumbua macho, ananipepea kwa mswada wangu mwenyewe. "Pole binti. Ni kucha tu." Eti kucha tu.

Mara jicho lake likatua kwenye maandishi. Akafunua. Mwenye duka akamwambia, "Mzee, mpepee mtoto wa watu."

"Ngoja kwanza nione huyu mke anamfanyia nini mumewe."

Shoga, hakunipepea tena.