Samahani za Kwaya

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimeombwa radhi na kwaya. Mkuu wa shule aliwapanga wanafunzi wangu mbele ya ubao, akapiga kofi moja, wakaimba: "Tu-na-om-ba ra-dhi, mwa-li-mu!" Radhi gani hiyo? Ijumaa walinivumia kipindi kizima, midomo imefungwa, mmmmm, nikisogea huku inahamia kule. Niliacha chaki mezani nikatoka. Sikulia. Vumbi la chaki tu liliniingia machoni, basi.

Mkuu akasema haya mwalimu, yaishe. Nikasema nimesikia. Sikusema nimesamehe! Watoto wale hawana haya hata chembe. Nyuma kabisa, yule binti ninayemwita Redio, kwa kuwa akiwashwa hazimiki, alikuwa anajiuma shavu asicheke.

Najua wananiitaje. Spea. Kama tairi la kwenye buti. Nilikuja kumshikia nafasi mwenye darasa, aliyejifungua. Sasa ameandika kwamba harudi, na mkuu ameniambia nikilimudu darasa hili mpaka Ijumaa, nafasi ni yangu. Ya kudumu! Miaka yote nashikizwa, shule hii mwezi, ile miezi miwili, halafu asante kwaheri. Kwa hiyo nitalimudu. Hata kwa meno.

Jumanne, 14 Oktoba

Kiranja wao kanifuata ofisi ya walimu saa ya mapumziko. Eti kuna kosa jingine darasa linataka kuliombea radhi. Kosa gani? Anakunja kola, anaikunjua. Nikamwambia arudi akishapata ulimi. Wenzangu wakachekea vikombe vyao vya chai.

Jioni dada yangu kaniuliza kama wamenyooka. Nikamwambia wamenyooka. Uongo mtupu! Yeye ndiye aliyenisaidia kushika majina yao. Wiki ile ya kwanza alikuwa anapika huku ananihoji: nani anakaa chini ya feni? Nani yuko mlangoni? Namjibu wote, sikosei hata mmoja. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Jumatano, 15 Oktoba

Matokeo ya mtihani wa kuzungumza yamebandikwa leo. Kila mmoja alisimama mbele, akaongea, nikampa maksi, na maksi hizo zinaingia kwenye za mwaka. Fujo! Redio kaja mbio kama kanga aliyefukuzwa. "Mwalimu, mimi? Wa mwisho? Kwa kuongea?" Hata mimi nilishangaa, maana siku ile aliongea mpaka nikasahau kuandika. Nikamwita kwa jina nimtulize. Kiranja akanikatiza: "Siyo jina lake hilo, mwalimu."

Ndipo siri ikatoka. Siku yangu ya kwanza, nilipoita majina, walibadilishana. Kila mmoja aliitika "nipo" kwa jina la mwenzake. Mzaha wa siku moja, eti. Kesho yake wakaogopa kusema, keshokutwa wakaona raha. Madaftari wanagawana wenyewe, nitajuaje? Muda wote huu namsifu huyu kwa jina la yule! Namkemea mtu, kumbe aliyetajwa anakenua meno dirishani!

Basi samahani zikaanza upya. Safari hii si kwaya, ni mmoja mmoja, na machozi juu. Tusamehe mwalimu, ulikuwa utoto, mwalimu. Nikawauliza: maksi zisingewagusa mngekuja lini? Redio akanong'ona, si ubadilishe tu mwalimu, kimyakimya? Kimyakimya! Maksi ziko kwenye kompyuta ya mkuu tangu juzi, hazitoki humo mpaka aambiwe. Aambiwe nini? Kwamba huyu anayetaka kazi ya kudumu hajui nani ni nani?

Nimewafukuza wote. Nawachukia. Naandika hivyo hivyo, nawachukia.

Usiku dada kanitania: haya, nani anakaa chini ya feni? Nimeacha chakula mezani nikaja kulala.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mkuu: kesho unasaini, mkataba na maksi kwa pamoja. Kanipiga bega. Anasema kilichompendeza ni jinsi nilivyowashika majina upesi. Nikacheka! Nimecheka kweli, mpaka akaniangalia mara mbili.

Nimemwambia dada yote. Kasema nyamaza, saini, wakome. Nami ndivyo nitakavyofanya. Redio aburute mkia mwaka mzima, kajitakia. Walinigeuza kichekesho, sasa na waonje.

Ila yuko mmoja ananikera. Binti wa chini ya feni, mwenye kigugumizi. Ndiye aliyebadilishana na Redio. Siku ya mtihani alikwama kwenye neno la kwanza, darasa likaguna, nami nikamwambia haraka mama, wenzako wanasubiri. Nikamwandikia za mwisho kabisa. Zikaenda kwa Redio. Na za Redio zikaja kwake: wa kwanza darasani kwa kuzungumza! Huyo peke yake hajaja kuomba radhi. Mjanja. Aje kufuata nini?

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandikia ofisini kwa mkuu. Kaitwa getini, kaniachia karatasi mbili na kalamu, kasema anarudi sasa hivi.

Kaja. Wa chini ya feni. Peke yake, hajaletwa na mtu. Nilipomwona mlangoni nikajua, na hasira iliyonipanda sijawahi kuipata wiki nzima. Wenzake wote walikuja kudai. Huyu kaja kurudisha! Nikamwambia nenda darasani. Hakwenda. "Mwa... mwalimu, zi... zile maksi si..." Nikamkata. Najua! Najua mwanangu, nenda, mkuu anakuja. Akatikisa kichwa, akaanza tena tangu mwanzo, polepole, kila neno analisukuma kwa bega.

Mara ya tatu ndipo nikaelewa. Hasemi na mimi. Anamsubiri mkuu. Kwangu anafanya mazoezi.

Nikamweleza waziwazi: ukimwambia, mimi kazi sina. Alikuwa hajui. Nikaona machozi, nikasema moyoni haya, sasa ataondoka. Hajaondoka. Kajifuta kwa mkono wa sweta, kasema sa... samahani. Moja tu. Bila kwaya. Sijui ni ya kile walichonifanyia au ya hiki anachotaka kunifanyia.

Nimechukua kalamu ya mkuu. Nimeirudisha. Sasa hivi nimeshika yangu, na yeye ananitazama ninavyoandika.

Nimemwita. Kwa jina lake, la kweli, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ni... nipo."

Viatu vya mkuu hivyo, koridoni. Ana haraka, nasikia. Hatamngoja huyu, kama ambavyo mimi sikumngoja siku ya mtihani. Binti kashavuta pumzi. Neno la kwanza ndilo linalomshinda siku zote, yakishatoka mawili matatu anakwenda. Itabidi mtu amwanzishie, na humu ndani niko mimi tu.