Njia Niliyoifungua Mimi

Jumamosi, 1 Novemba
Barua ya halmashauri. Kuanzia Jumatatu binti yangu Imogen hana tena nafasi ya bure kwenye basi la shule. Eti nyumbani hadi shuleni ni chini ya maili tatu, kiwango cha kupata basi la bure. Uongo! Kwa barabara ni tatu na nusu. Jana nilipowapigia simu kuuliza uvumi huu, kijana mmoja alinijibu kwa upole wa kuudhi: wamepima kwa njia ya miguu, mama, ile inayokata shamba la Birkett. Maili mbili nukta nane.

Njia ile! Niliipigania mimi ifunguliwe, miaka minne. Saini, mahakama, picha gazetini. Hata daraja la mbao kijitoni nililichangisha mimi — lina kibao cha shaba chenye jina langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wapumbavu wale! Na mimi wa kwanza.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeomba ruhusa kazini, leo tu, nimsindikize. Matope hadi magotini. Ng'ombe wamejaa njiani. Na basi lilipita mlangoni kwetu, viti kumi na kimoja vitupu! Nev, dereva, kanipungia mkono. Nusura nimrushie kiatu.

Kesho atakwenda peke yake. Ana miaka kumi na miwili.

Jumatano, 5 Novemba
Kateleza darajani. Maji yamepanda, yanalamba mbao. Kashikilia ukingo, kafika shuleni kalowa chapachapa, kakaa hivyo hivyo mpaka saa tisa. Sasa ana homa.

Dukani Tamsin, jirani mwenye mapacha, kapaza sauti: "Ahsante kwa njia, Rowena! Wanangu wana malengelenge." Hakuna aliyenitetea. Nilitoka bila maziwa. Naona aibu. Nina hasira zaidi.

Alhamisi, 6 Novemba
Rufaa yangu kwa halmashauri imepokelewa. Mkaguzi atakuja Jumatano kuitembea njia. Isipopitika, basi linarudi.

Nimemeza kiburi, nikaenda kwa Birkett. Hatujasalimiana tangu mahakamani. Nikamsihi afunge lango, aweke fahali, lolote! Kacheka mpaka kakohoa.

"Bibie, ulinishtaki nifungue. Leo nifunge, nishtakiwe tena? Lango ni langu. Daraja ni lako."

Mshenzi. Lakini hakusema uongo.

Jumatano, 12 Novemba
Mkaguzi anafika saa nne. Sikwenda kazini. Imogen bado anakohoa, yuko nyumbani.

Nimefungua mlango — msumeno umeegemezwa ukutani, umenolewa. Kikaratasi, mwandiko wa Birkett: "Urudishe safi."

Sijaugusa. Nimeketi, naandika upuuzi huu, chai inapoa.

Imogen kashuka na blanketi mabegani. Kautazama msumeno, kanitazama mimi. Kafungua droo, katoa bisibisi, kaiweka mezani mbele yangu.

"Kibao kwanza, mama. Kina jina lako."

Saa tatu na dakika kumi. Mvua imeanza tena. Buti moja mguuni, la pili mkononi —