Bihogo Anasaga Mahindi Isingiro

Mpendwa Tata,

Najua barua ya mtoto kwa baba yake huanza na salamu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nikiwa darasa la tatu nilimwandikia shangazi, nikaanza moja kwa moja na shida ya viatu, ukanirudishia karatasi ukiuliza, "Huyu shangazi yako ni duka?" Nikaandika upya. Lakini leo salamu yako nimeiweka mwisho. Nikianza nayo nitakaa kusubiri uitikie, na barua haitaandikika.

Nimekaa ndani ya gari, hapa uani Kanoni. Ni Jumapili, tumetoka kanisani, Mama anamenya ndizi. Madirisha nimeyafunga ili nilie bila kuulizwa maswali. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoijua ya gari hili la kisasa, kwamba sauti haitoki nje.

Ndani ya Bihogo nisingeweza kujificha. Alikuwa na dirisha moja lisilopanda na jingine lisiloshuka. Ulimpa jina la ng'ombe kwa ajili ya rangi yake, ule wekundu wa kahawia uliokolea, na kwa sababu hukuwa na ng'ombe mwingine. Wenzako wakikaa kwenye pombe ya rubisi kuzungumzia mifugo yao, nawe ulizungumzia pikapu yako: jana kakohoa, leo kanywa maji mengi, kesho nampumzisha. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa. Siku moja nilikuuliza ndama wa Bihogo yuko wapi, ukacheka mpaka ukasimamisha gari katikati ya barabara.

Alibeba kila kitu, Tata. Buni ya majirani, mikungu ya mnada, mabibi harusi na masanduku yao, wajawazito waliolala juu ya godoro huku mama mkwe ameshika mwavuli. Na alibeba wafu. Sijui kama kuna nyumba kati yetu na kanisa ambayo hukuibebea jeneza. Nyuma ya kiti ulikuwa na kamba ya katani, nene, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Jeneza ulilifunga mwenyewe, hukumruhusu mtu mwingine, halafu ukashika njia polepole huku ukimsemesha Bihogo kwenye mashimo, "Mpora, mpora," kama unayemwongoza ng'ombe mwenye mimba mtoni. Hukuwahi kumtoza mtu aliyefiwa.

Ulinifundisha kuendesha nikiwa sijafika kidato cha tatu. Ukafungua boneti, ukanifumba macho kwa kiganja chako chenye harufu ya dizeli. "Usiangalie, sikia. Nani analia humo?" Nikajifunza kulia kwa mkanda ni kupi na kulia kwa beringi ni kupi. Ukiwa na spana namba kumi, waya na kipande cha sabuni cha kuziba tangi, tulikuwa na uhakika wa kufika tuendako.

Sasa niseme lile nililoogopa kulisema kaburini mbele za watu. Mimi ndiye niliyemuuza Bihogo. Wewe ulitia saini tu.

Nilisema ni kwa ajili ya mgongo wa Mama. Nikasema mvua inawanyeshea watu nyuma, nikasema moshi, nikasema askari wa barabarani. Yote yalikuwa kweli. Lakini kubwa nililinyamazia: nilikuwa naona haya. Mimi mwalimu, nashushwa pale Shule ya Ndama na gari lenye jina la ng'ombe, nanuka buni, na walimu wenzangu wamesimama barazani wanatazama. Nisamehe, Tata. Ningeweza kushuka mbali kidogo nikatembea, kuliko nilivyofanya.

Unakumbuka kwanza tulikwenda kuulizia pikapu mpya. Wewe ulivaa koti la kanisani. Muuzaji akatuonyesha kioo cha kugusa kikubwa kama dirisha la jiko letu, kamera mbele na nyuma, viti vya ngozi vinavyojipasha moto. Ukamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Linabeba magunia mangapi?" Akaanza kupekua kitabu. Alipotaja bei ulivua kofia, kama mtu aliyepashwa habari ya msiba. Ukauliza tena, kwa upole, "Na lile lisilo na televisheni?"

"Hawatengenezi tena, mzee."

Njia nzima ulikuwa unalirudia hilo. Hawatengenezi tena. Nani alikwenda kuwaambia kwamba mkulima wa Karagwe anasumbuliwa na baridi ya makalio? Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Ulikuwa unauliza kweli. Siku hizi nami nauliza, na nimekasirika kuliko wewe, kwa sababu watu hawa walijua kutengeneza kitu ambacho mtu kama wewe angeweza kukimiliki, kukifungua na kukifunga. Wakaacha kwa kupenda kwao. Kilichobaki tutakimiliki tu tukikusanya mavuno ya maisha mazima, na hata hapo hatutaweza kukifungua.

Basi tukachukua hili, lililotumika kwao Japani, kutoka yadi. Mzee Gervase wa Isingiro, kule Kyerwa, akaja kumchukua Bihogo. Ulimwosha asubuhi ile kama unayempeleka kipaimara. Ukamweleza Gervase tabia zake zote, kisha ukachukua kamba nyuma ya kiti. Gervase akadhani umesahau, akasema, "Na kamba?" Ukamjibu kwamba kwenu ng'ombe akiuzwa, mnunuzi huja na kamba yake. Ukaenda kuitundika chumbani, na siku ile hukula.

Sitaki ionekane hatukucheka. Ulipofungua nyuma ya gari hili kutafuta tairi la akiba, ukakuta kikopo cha povu la kuziba pancha, ulikishika ukakitikisa ukaniuliza kama ni cha kunyoa ndevu. Ulipoweka mkungu kwenye kiti cha mbele gari likapiga kelele bila kukoma, ukaufunga mkungu mkanda, likanyamaza. Ukasema, "Sasa ndizi zina haki kuliko binadamu wa Bihogo."

Halafu ile sauti. Asubuhi ya kwanza nilipobonyeza kitufe, binti wa Kijapani akasema maneno yake ndani ya redio, laini, ya adabu. Nawe ulikuwa umekaa kando yangu na kofia mapajani. Ukaitikia, "Marahaba."

Nilikutazama kujua kama unatania. Hukuwa unatania. Ukasema, "Kumbe wamelifundisha adabu. Sauti ya mtoto wa kike hiyo, anaamkia." Sikukusahihisha, maana mwenyewe sikujua anachosema. Tangu siku hiyo, kila gari lilipowashwa uliitikia. Hata ukiwa na hasira, hata ukiwa unakohoa. Mama alikuuliza kwa nini unasalimiana na kioo, ukamwambia mtoto akiamkia haulizwi ni wa nani.

Ile asubuhi ya hospitali uliitikia pia, Tata, kwa pumzi iliyokatika. Miguu ilikuwa imevimba, Mama amekushikilia nyuma. Tulipofika katikati ya mlima, taa ya njano ikawaka, kisha nyingine, kisha gari likalegea kama mtu aliyekata tamaa. Nikalizima, nikaliwasha. Binti akaamkia. Ukasema "Marahaba," nalo likakataa kwenda.

"Fungua boneti nisikie," ukasema.

Nilipaswa kukuzuia. Mama alijaribu. Ulishuka ukiegemea mlango, ukaja mbele, ukatoa mfukoni ile spana namba kumi ambayo sikujua kama bado unatembea nayo. Nikainua boneti. Chini yake kulikuwa na plastiki nyeusi, pana, imefunika kila kitu. Hapakuwa na kilio cha kusikia. Ulipitisha vidole kando kando yake ukitafuta nati, kama kipofu anayetafuta mlango, na spana mkononi, na hapakuwepo pa kuiweka. Nilisimama nikakutazama, na mpaka leo ndiyo sura yako inayonijia nikifumba macho. Naitafuta ile ya kucheka katikati ya barabara, inakuja hii.

Uliirudisha spana mfukoni taratibu. "Mwana wange," ukaniambia, "tumekuwa abiria kwenye gari letu wenyewe."

Ulifika hospitali kwa bodaboda, umefungwa kwa kitenge cha Mama mgongoni mwa dereva. Fundi Deo wa Kayanga alikuja baadaye na kompyuta yake akasema ni sensa, kidude cha kupimia injini, kidogo kama punje ya buni. Injini ilikuwa nzima. Gari lilikataa kwa sababu lilidhani linaumwa. Wewe uliyekuwa unaumwa kweli hukuwa na kompyuta ya kukusemea.

Daktari alituambia moyo wako ulikuwa umechoka siku nyingi, kwamba mlima ule haukubadilisha kitu. Uliishi wiki tatu zaidi. Namwamini daktari mchana. Lakini uliporudi kutoka hospitali hukuuliza tena habari za gari, wala hukutoka kuliangalia, na mtu aliyekujua anajua maana yake.

Ulipofariki tulitakiwa kukuchukua kutoka Kayanga kukuleta nyumbani. Nikapima kwa macho. Viti hata vikilazwa jeneza haliingii, labda mlango ubaki wazi na miguu yako nje, jambo ambalo nisingelifanya hata kwa mkungu. Wewe uliyebeba kijiji kizima. Nikampigia Mzee Gervase nikiwa nalia, nikamwambia naomba Bihogo kwa siku moja tu.

Alinipa pole kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, nisamehe. Bihogo hayupo." Spea zimekwisha, akasema, alitafuta mpaka ng'ambo ya mpaka, wenyewe waliotengeneza wameshaacha. Bodi aliiuza kama chuma chakavu. Injini tu ndiyo aliyobaki nayo.

Tulikodi gari la mtu tusiyemjua. Alikuendesha kwa kasi, Tata. Hakuna aliyemwambia mpora. Kitu kimoja tulikipata: Mama aliingia chumbani akatoka na kamba yako. Jeneza lilikuja na kamba zake mpya nyeupe, akazikataa. Kwa hiyo ulishushwa na kamba ya Bihogo, ile iliyowafunga wote waliokutangulia pale.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Isingiro. Sikumwambia Mama. Mzee Gervase alinipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye kibanda cha bati. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo za mahindi. Injini imefungwa kwenye magogo, mkanda wake unazungusha mashine ya kusaga. Imepakwa unga mpaka rangi haionekani.

Nikafumba macho kama ulivyonifundisha. Ni yeye. Ule mkohoo wa kwanza, halafu anashika, halafu kale kamlio kembamba ka upande wa kushoto ambako ulikataa kukatengeneza ukisema ndiyo sauti yake. Niliwaacha watu wote waondoke na unga wao, nimesimama pale, nimejaa unga kichwani. Mama mmoja akaniuliza kama nimeleta mahindi. Nikamwambia hapana, nimemfuata baba yangu. Akadhani ni mmoja wa wazee waliokaa nje, akanionyesha.

Niliporudi nilipitia kwa fundi Deo kuhusu taa nyingine iliyowaka. Akawasha gari, binti akasema maneno yake, nami machozi yakanitoka. Deo akasema sauti hiyo inaweza kukatwa, ni waya mmoja tu. Akaushika. Nikamuuliza kwanza inasema nini, akacheka: "Inasema kadi haijawekwa. Kuna kadi ya kulipia barabara kubwa za kwao. Inakukumbusha tu kwamba haimo."

Kwa hiyo haikuwa inakuamkia, Tata. Asubuhi zote zile ilikuwa inatuambia kuna kitu hakimo.

Nikamwambia Deo auache waya.

Sasa nimebonyeza kitufe kabla ya kumaliza barua hii. Imesema. Nimengoja kidogo nikitazama kiti chako. Siwezi kuitikia badala yako, marahaba si neno langu kwenye gari ambamo ulikuwa unakaa. La kwangu ni lile jingine, ambalo nimelishikilia tangu mstari wa kwanza, na najua litabaki hapa lilipo.

Shikamoo, Tata.

Mwanao wa kwanza, aliyemuuza Bihogo.