Kwa Somo Aliyemzuia Mama Mlangoni

Mpendwa Somo,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta, lakini tangu nirudi kutoka kliniki ya watu wazima nina maneno yamenijaa, na wa kwanza kuyasikia ungekuwa wewe.

Barua hii naiacha wazi, kwa hiyo wasiotujua niwaeleze kidogo. Nilizaliwa na mgongo wazi hapa Newala, nikashonwa nikiwa mchanga. Miguu ilibaki dhaifu, na kibofu kikijaa sina habari. Kila baada ya saa chache mama alinipitishia mpira mwembamba kutoa mkojo, la sivyo ungerudi juu ukaharibu figo. Miaka kumi na miwili hakukosa. Hakulala msibani, wala hakwenda kwao Lupaso akakaa siku mbili.

Ikafika zamu yangu ya kuchezwa unyago. Wanawake wakasema niachwe, mgonjwa hachezwi. Mama naye alikubali, kwa sababu mzazi haingii alipo mwali, na bila yeye nani angenitoa mkojo? Wewe, jirani tu, ukauliza, "Kwani mama yake akifa, na yeye afe?" Ukasema wewe ndiye utakayekuwa somo yangu, wa kunifunda humo ndani. Ulikuwa na mdomo, Somo, Mungu akurehemu. Kesho yake ukapanda bodaboda kwenda kliniki, kusoma hujui, ukamganda nesi mpaka ukaelewa mpira unavyopita.

Ya unyagoni hayaandikwi, nami siyaandiki. Naandika la mpira tu, maana hilo lilikuwa letu wawili. Ulininunulia kioo kidogo cha sokoni, nione mpira unapoingia. Ukanitengea ndoo ya maji ya kunawa, mwaka ambao maji Newala yalitafutwa kwa tochi, na aliyechovya kata yake humo alikiona cha mtema kuni. Kisha ukanipa mpira mkononi. Nilikosa, nikakosa tena, nikalia nikimwita mama. Kumbe alikuwa nje ya ua, akaja mbio. Ukasimama mlangoni.

"Mama Zainabu, huku si kwako. Rudi."

"Dada, mwanangu anaumia!"

"Anajifunza. Rudi."

Nilikuchukia siku ile, nakiri. Nikaingiza mpira kwa hasira, mkojo ukatoka, na wewe ukapiga vigelegele utadhani nimejifungua. Tangu hapo kila siku ya kliniki ulichungulia kwetu kuhakikisha faili nimelishika mimi.

Mwaka huu kliniki ya watoto imesema basi, nimekua. Hukuufikia mwaka huu, na nilikuhitaji sana. Daktari mpya alimtazama mama, akauliza, "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?" Mama akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Shikamoo daktari. Mgonjwa ni mimi."

Alikuwa muungwana, lakini alikiri hajawahi kumtibu mtu mzima mwenye mgongo wazi. Akataka kuniwekea mpira wa kudumu na mfuko wake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikakumbuka ulivyozoea kusema, mficha uchi hazai, nikaeleza yote: najitoa mkojo mara ngapi, homa huniingia nikizembea vipi, na kwamba figo zangu hazijapigwa picha siku nyingi. Akaweka kalamu chini, akasikiliza. Hakuweka mfuko. Akaandika nipigwe picha.

Sijaona mtu kama wewe, Somo. Wasomi wengi wamenihudumia, nawashukuru wote, lakini ni wewe uliyeona mapema kwamba nitakuwa mtu mzima. Wengine tuliomba tu nifike kesho.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua majibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama hakulala, wala mimi. Jina langu lilipoitwa akasimama kwa mazoea, kisha akaketi.

"Nenda, mwanangu. Nakusubiri hapa."

Nikaingia peke yangu. Figo zote mbili ni nzima. Nikatoka haraka kadiri magongo yalivyoniruhusu, nimpe habari. Nikamkuta kwenye benchi, khanga imemdondoka begani, anakoroma katikati ya watu. Miaka yote ya kliniki sijawahi kumwona hata akisinzia.

Nikakaa kando yake. Majibu yangesubiri. Nikamwacha alale.

Nawe ulale pema, Somo yangu.

Mwali wako,
Zainabu