Ndoo ya Bati na Maziwa ya Nemayian

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Korogwe, tuisheni ya watahiniwa binafsi. Miaka hamsini na mmoja, nimekaa dawati la mbele – kwa ajili ya macho, si bidii. Mwalimu Ikram, rika la binti yangu, kaniamkia shikamoo, kisha kanirudishia jaribio: alama mbili kati ya ishirini. Adabu anayo.

Leo jedwali la elementi, hasa metali. Kundi la kwanza, sodiamu na wenzake: wana elektroni moja ya nje na hawatulii mpaka waigawe. Wanafungiwa ndani ya mafuta ya taa wasilipuke! Kundi la mwisho, kina neoni, wameshiba, hawataki undugu na mtu. Pale kwetu Handeni nawajua wa aina zote mbili.

Bati, kumbe, ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ni mwepesi wa kumenyuka kuliko chuma, analiwa yeye kwanza, chuma kinapona kutu. Miaka ishirini nagonga ndoo za bati bila kujua! Nikauliza, zinki analiwa na nini? Asidi, akasema. Hata ya limau.

Jumatatu, 8 Septemba
Nemayian, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa mgando sokoni, kaja karakanani kwangu. Wateja watatu wametapika. Wanasema anatia dawa. Kazuiwa kuuza mpaka bwana afya aje Alhamisi, na watoto wake wanne hawana tegemeo jingine. Analalamika kwamba alipotumia vibuyu vya kwao, vya kufukiza kwa moshi, hakuna aliyeugua.

Ndoo nilimtengenezea mimi, Juni. Nilimbembeleza mwenyewe aache vibuyu.

Nikampa pole. Alipoondoka nikakaa. Mgando ni mchachu, kama limau –

Jumanne, 9 Septemba
Kipande cha bati ndani ya bakuli la mgando, kingine ndani ya maji. Mke wangu Mwantumu kauliza kama bati nalo nilikaangie kitunguu.

Alasiri: cha kwenye maji kinang'aa vilevile. Cha kwenye mgando kimefifia, kijivu. Nikalamba tone – ladha ya msumari!

Nikampigia Ikram: mbona sufuria ya alumini haifanyi hivi, na alumini ni mwepesi wa kumenyuka kuliko zinki? Akasema alumini akiguswa na hewa hujivika ngozi ngumu ya oksidi, inamkinga. Nilifurahi kama mtoto. Dakika tano nzima nikasahau maana ya nilichokiona: zinki wa ndoo anaingia kwenye maziwa, na ndiye anayewatapisha watu.

Jumatano, 10 Septemba
Nemayian kapita. Anataka nisimame mbele ya bwana afya niseme ndoo yake ni safi.

“Fundi, ndoo ile hakuna anayeijua kukushinda wewe.”

Nikakubali kabla hajamaliza. Na ndoo ni safi kweli, anaiosha kuliko mimi ninavyooga.

Alhamisi, 11 Septemba. Saa tatu asubuhi
Bwana afya anafika saa nne. Nimepita sokoni: ndoo nyingine tano nilizogonga mimi, zote zina mgando. Watu wananiita fundi bora.

Nemayian kafika, shuka mpya, ndoo mkononi. Twende, anasema. Nimemwomba akae kwanza, nina neno. Kakaa. Ananitazama nikiandika, anadhani naandika ushahidi wa kumtetea, kwamba ndoo haina kosa; natafuta pa kuanzia kumwambia inalo –